MARA MBILI TU: *Alan's Wife* na Hesabu Mbovu ya Wahakiki wa Jukwaa

Utangulizi

Katika semina moja ya idara, ambayo si lazima itajwe, mwanafunzi wa uzamili aliwasilisha pendekezo la utafiti juu ya tamthilia ya Kiswahili iliyotungwa na mwanamke. Pendekezo lilikuwa na kasoro zake, kama yalivyo mapendekezo yote, lakini halikukataliwa kwa sababu ya kasoro hizo. Lilikataliwa kwa hoja moja iliyotamkwa na mhadhiri mwenzetu kwa utulivu mkubwa: kwamba tamthilia ile haikupata kuigizwa ila mara chache, na kwamba tamthilia isiyo na historia ya jukwaani ni kitabu tu, haistahili kuhakikiwa kama tamthilia. Ili kuitilia nguvu hoja yake, mwenzetu alitoa mfano kutoka Uingereza ya enzi ya Malkia Victoria. *Alan's Wife*, alisema, iliigizwa mara mbili tu mwaka 1893, ikafa. Ikiwa ilikufa London, palipokuwa na kumbi tele na watazamaji tele, basi ilikufa kwa haki. Baadhi ya waliokuwapo walicheka. Mwanafunzi akakusanya karatasi zake.

Mwandishi wa makala haya alikuwapo, na hakusema neno. Makala haya basi ni ulipaji wa deni. Hatuna nia ya kupinga hesabu ya mwenzetu, kwa kuwa hesabu ni sahihi: *Alan's Wife* iliigizwa tarehe 28 Aprili 1893 na tarehe 2 Mei 1893 katika ukumbi wa Terry's Theatre, London. Tunachopinga ni hukumu aliyoitoa katika hesabu hiyo. Tunadai kwamba historia ya jukwaani si daftari la mahudhurio. Ni historia ya nani aliyekuwa na ufunguo wa ukumbi, nani aliyeshika kalamu ya gazeti asubuhi iliyofuata, na nani aliyebaki kuitetea kazi baada ya pazia kufungwa. Mhakiki anayehesabu mara bila kuuliza maswali hayo matatu hajaandika historia. Amenakili tu uamuzi wa wenye kumbi na kuuita uhakiki.

Tamthilia yenyewe

Kwa kuwa wengi huitaja tamthilia hii bila ya kuisoma, ni vyema tuieleze kwa ufupi. *Alan's Wife*, yaani Mke wa Alan, ni tamthilia fupi yenye sehemu tatu. Katika sehemu ya kwanza, Jean Creyke, mke wa mfanyakazi wa kiwandani katika kijiji cha kaskazini mwa Uingereza, anamngoja mumewe aje kula chakula cha mchana. Mama yake, Bi. Holroyd, angependa binti yake angeolewa na Jamie Warren, mhubiri, mtu wa vitabu na sauti ya upole. Jean alimtaka Alan kwa sababu ya nguvu zake, na hasiti kusema hivyo. Kisha zinafika habari za ajali ya mitambo, na wanaume wanaingia na machela iliyofunikwa. Katika sehemu ya pili, mtoto wa Alan amekwisha kuzaliwa, naye ana ulemavu. Mama na mhubiri wanamhimiza Jean ayakubali mapenzi ya Mungu. Anapoachwa peke yake, anambatiza mtoto kwa mkono wake mwenyewe, kisha anamwendea na mfarishi ili amzibe pumzi. Sehemu ya tatu inatukia gerezani. Jean amehukumiwa kunyongwa. Wakubwa wa gereza, mhubiri na mama wanamsihi aonyeshe majuto, kwani majuto yangeweza kumwokoa. Ananyamaza. Na anapofungua kinywa mwishoni, hajutii: anasema kwamba katika maisha yake alipata kuwa jasiri mara moja, na ujasiri huo ulikuwa kitendo kile.

Kisa hakikuzuka London. Asili yake ni hadithi fupi ya Kiswidi iitwayo "Befriad", iliyotungwa na mwanamke, Elin Ameen, na kuchapishwa mwaka 1891. Walioigeuza kuwa tamthilia ya Kiingereza ni wanawake wawili. Florence Bell alikuwa mke wa tajiri wa viwanda vya chuma huko Middlesbrough, na mwaka 1907 alitoa kitabu *At the Works* kuhusu maisha ya wafanyakazi wa mji huo. Elizabeth Robins alikuwa mwigizaji mzaliwa wa Marekani, ambaye mwaka 1891, yeye na Marion Lea, walileta *Hedda Gabler* ya Ibsen kwenye jukwaa la London. Robins mwenyewe ndiye aliyeigiza Jean. Hata hivyo, jina lake kama mtunzi halikuwapo, wala la Bell. Tamthilia iliigizwa bila jina la mtunzi, na ilipochapishwa mwaka huohuo ilichapishwa bila jina la mtunzi. Jina lililosomeka ndani ya kitabu kile lilikuwa la mwanamume aliyeandika utangulizi mrefu, mhakiki William Archer.

Wenye funguo za kumbi

Sasa tuirejee ile "mara mbili". Kwa nini mara mbili, na si ishirini au mia mbili? Mwenzetu anachukulia kwamba watazamaji waliiona kazi, wakaikataa, ikaondolewa. Huko ni kutojua jinsi kumbi za London zilivyoendeshwa katika miaka ya 1890. Kumbi kubwa za wakati huo zilikuwa mikononi mwa wanaume waliokuwa waigizaji na mameneja kwa pamoja: Henry Irving alishika Lyceum, Herbert Beerbohm Tree alishika Haymarket, George Alexander alishika St James's. Mtu wa namna hii alichagua tamthilia iliyompa yeye mwenyewe nafasi ya kung'ara, akaigiza kila usiku mradi tikiti zinauzwa. Kazi isiyokuwa na nafasi ya aina hiyo ilibakiwa na maonyesho ya alasiri, ambapo ukumbi ulikodiwa kwa saa chache kisha ukarudi kwa mwenyewe kabla ya jioni. Tena juu ya hao wote palikuwa na ofisi ya Lord Chamberlain, ambayo kwa sheria ya mwaka 1843 ilikuwa na uwezo wa kuzuia tamthilia yoyote isionyeshwe hadharani, uwezo ambao haukuondolewa hadi mwaka 1968.

Ili kuupenya mfumo huo, J. T. Grein alianzisha mwaka 1891 chama kilichoitwa Independent Theatre. Kilikuwa chama cha wanachama waliolipa ada, kisichokuwa na ukumbi wake, na ambacho kwa kawaida kiliitoa tamthilia mara moja au mbili kisha kikaendelea na nyingine. Chama hiki ndicho kilichoitoa *Alan's Wife*. Kwa hiyo, kusema kwamba *Alan's Wife* iliigizwa mara mbili tu ni kusema kwamba iliigizwa kwa kadiri ambayo chama kile kiliweza. Idadi hiyo ilipangwa kabla ya mtazamaji hata mmoja kuketi kitini. Haiwezi kuwa hukumu ya watazamaji.

Na hapa ndipo undumakuwili wa wahakiki unapodhihirika. Chama hichohicho kilifungua kazi zake tarehe 13 Machi 1891 kwa *Ghosts* ya Ibsen: mara moja. Tarehe 9 Desemba 1892 kilitoa *Widowers' Houses*, tamthilia ya kwanza ya Bernard Shaw kuigizwa: mara mbili, sawasawa na *Alan's Wife*. Tena tamthilia hizi mbili, ya Shaw na ya Bell na Robins, zilichapishwa katika mfululizo mmoja wa vitabu wa chama hicho. Shaw aliandika *Mrs Warren's Profession* mwaka 1893, ikapigwa marufuku. Mwaka 1902 ikaigizwa faraghani mara mbili, na Waingereza hawakuruhusiwa kuiona hadharani hadi mwaka 1925. Nani kati yetu amewahi kusimama katika semina akasema kwamba *Widowers' Houses* ilikufa kwa haki? Tumefundishwa, na tunawafundisha wengine, kwamba maonyesho yale mawili ya Desemba 1892 ni mwanzo wa tamthilia mpya ya Kiingereza. Mara mbili za Shaw ni mwanzo. Mara mbili za Bell na Robins ni mwisho. Kama tarakimu ni ileile na maana yake inabadilika kwa kufuata mwenye kazi, basi kinachopima si tarakimu.

Na tukitaka kuiabudu tarakimu, basi na tuiabudu bila aibu. Tarehe 21 Desemba 1892, siku chache tu baada ya onyesho la kwanza la Shaw, ilianza *Charley's Aunt* ya Brandon Thomas, kichekesho cha kijana anayejivika nguo za shangazi. Iliendelea kwa maonyesho 1,466. Kwa mizani ya mwenzetu, hiyo ndiyo tamthilia kuu ya Kiingereza ya karne ya 19, na sote tungepaswa kuacha kila kitu tukaandike tasnifu juu yake. Hatufanyi hivyo. Maana yake ni kwamba hata mwenzetu haiamini mizani yake. Anaitoa kabatini pale tu anapotaka kumpimia mtu asiyemtaka.

Mfano ulio karibu zaidi ni wa mwezi uliofuata. Tarehe 27 Mei 1893, chini ya mwezi mmoja tangu onyesho la pili la *Alan's Wife*, George Alexander alifungua *The Second Mrs Tanqueray* ya Arthur Wing Pinero katika St James's. Iliigizwa zaidi ya mara 200 na kusifiwa kwa uthubutu wake. Elizabeth Robins ndiye aliyekuwa amepewa nafasi ya Paula Tanqueray, kisha akamwachia Mrs Patrick Campbell, ambaye nafasi hiyo ilimpa jina la maisha. Hebu tuwatazame wanawake hao wawili wa mwaka mmoja wa 1893. Paula ni mwanamke mwenye mambo ya nyuma yasiyosameheka katika jamii yake, na mwishoni anajiua. Anajihukumu mwenyewe, watazamaji wanafuta machozi na kwenda kula chakula cha usiku, na hakuna mtu aliyeulizwa swali. Jean naye anangojwa ajihukumu, anapewa kila nafasi ya kujihukumu, na anakataa. London ilikuwa tayari kulipa usiku baada ya usiku kumtazama mwanamke anayejutia. Kwa yule asiyejutia ilitenga alasiri mbili. Tofauti hiyo inatufundisha mengi juu ya London, na machache mno juu ya ubora wa tamthilia.

Maiti iliyoonwa na mhakiki

Yapo mengine katika historia ya jukwaani ya tamthilia hii yanayopaswa kututia wasiwasi sisi tunaotegemea ushahidi wa wahakiki wa magazeti. Tumesema kwamba sehemu ya kwanza inamalizika kwa machela iliyofunikwa. Jean anaiendea, anatazama, anapiga ukelele, pazia linafungwa. Baada ya onyesho, A. B. Walkley, mmoja wa wahakiki wenye heshima kubwa London, alishutumu kwamba watazamaji walionyeshwa maiti iliyosagwasagwa. Archer alimjibu kwamba hakuna kitu cha namna hiyo kilichoonyeshwa: watazamaji waliona kifuniko, na uso wa mwigizaji. Mabishano juu ya jambo hili yaliendelea hata yakaingia katika kitabu chenyewe.

Tulitafakari vyema tukio hili. Mhakiki mzoefu, mwenye macho mazima, aliyeketi katika ukumbi huohuo, aliona kitu ambacho hakikuonyeshwa. Kuna namna mbili za kulieleza. Ya kwanza ni kwamba alisema uongo, nasi hatuna sababu ya kumshuku hivyo. Ya pili, ambayo ndiyo yetu, ni kwamba uigizaji wa Robins ulikuwa na nguvu kiasi cha kumfanya mtazamaji ajichoree mwenyewe kilichokuwa chini ya kifuniko, na kisha asikumbuke kwamba mchoro ulikuwa wake. Jukwaani hayo ndiyo mafanikio makubwa kuliko yote. Washairi na watambaji wetu wanalijua jambo hili tangu jadi: fundi wa ngano hamwonyeshi mtoto zimwi, humwonyesha aliyeliona. Lakini katika kumbukumbu za magazeti mafanikio haya yameandikwa kama kosa. Tamthilia ilishitakiwa kwa ukatili wa picha ambayo mshitaki mwenyewe ndiye aliyeichora.

Basi mtafiti anayekwenda leo kusoma maoni ya mwaka 1893 na kurejea na hukumu kwamba tamthilia hii ni ya kutisha na isiyo na staha, amerejea na maiti ya Walkley mabegani. Historia ya jukwaani iliyojengwa kwa ushahidi wa wahakiki peke yao ni historia ya hofu za wahakiki hao. Haina budi kulinganishwa na matini, na matini ikalinganishwa na mwili wa mwigizaji.

Kimya kisichosikika kitabuni

Hoja ya mwisho ya wapinzani wa *Alan's Wife* ni ya kiufundi, na ndiyo inayostahili heshima zaidi. Wanasema kwamba sehemu ya tatu si tamthilia. Kwa muda mrefu Jean hasemi kitu. Katika kitabu, jina lake linatajwa, mtunzi anaeleza kwamba yu kimya, kisha yanafuata maneno ya mawazo yake, kana kwamba ameyatamka. Hiyo, wanasema, ni mbinu ya riwaya. Mtunzi wa jukwaa asiyeweza kumfanya mhusika wake aseme ameshindwa na kazi yake.

Hoja hii inatokana na kusahau kwamba tamthilia ina maisha mawili. Watazamaji wa Terry's Theatre hawakusikia maneno yale. Walimwona mwanamke ameketi, mama yake analia, mhubiri anaomba, wakubwa wa gereza wanauliza, naye hajibu. Kila swali linaanguka sakafuni na kulala pale. Maneno ambayo msomaji anayapata kitabuni yalikuwa kwa mwigizaji maelekezo ya uso, mkono na pumzi. Msomaji wa kitabu anajua Jean anawaza nini. Mtazamaji hakujua, alilazimika kukisia, na katika kukisia akawa mshirika wa wale wanaomhoji. Kwa hiyo anayeihukumu sehemu hii kwa kuisoma peke yake anahukumu tamthilia ambayo haikuigizwa kamwe, na kuiacha ile iliyoigizwa.

Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu. Jean anajua kwamba neno lolote atakalotamka litatiwa katika mizani ya wenye mamlaka: akilia, ametubu, akijitetea, ana kiburi, akisema amechanganyikiwa, ni mgonjwa. Lugha yote iliyomo mle gerezani ni yao. Kunyamaza ndiko kukataa pekee kulikobaki. Bell na Robins walilifahamu hili miaka mingi kabla ya jukwaa la karne ya 20 kuanza kusifiwa kwa matumizi ya kimya, na ni ajabu kwamba mbinu hiyohiyo ikitumiwa na wanaume waliokuja baadaye huitwa uvumbuzi, na ikitumiwa na wanawake hawa huitwa udhaifu wa ufundi.

Jambo hili haliko mbali nasi kama linavyodhaniwa. Mwaka 1893 sheria ya Uingereza haikuwa na kosa la pekee la mama kumwua mtoto wake mchanga. Ilikuwa ni kuua kwa kukusudia. Mwaka 1922 ilipitishwa sheria iliyopunguza kosa hilo iwapo akili ya mama ilikuwa imevurugika kwa sababu ya kujifungua, na mwaka 1938 ikapanuliwa. Msingi huo umo katika kifungu cha 210 cha Kanuni ya Adhabu ya Kenya, tulichokirithi kutoka utawala wa kikoloni. Mwanamke anaweza kuhurumiwa, ila kwa sharti moja: akubali kwamba hakuwa na akili timamu. Jean asingeweza kutumia kifungu hicho. Anasema alijua alichokifanya. Kimya chake na maneno yake ya mwisho vinaihoji huruma yenyewe, na swali hilo bado halijajibiwa, si kwao wala kwetu.

Marafiki wabaya

Haitoshi kuwajibu wapinzani. Tamthilia hii ina marafiki pia, na baadhi yao wanaidhuru. Tangu ilipochapishwa tena mwaka 1991 katika mkusanyiko *New Woman Plays*, uliohaririwa na Linda Fitzsimmons na Viv Gardner, wanafunzi wengi wameisoma kama hati ya ukombozi wa mwanamke na kuishia hapo. Jean amegeuzwa shujaa anayesimama dhidi ya kanisa, mama na serikali, na msomaji anatakiwa ashangilie.

Hatuwezi kushangilia hivyo. Katika sehemu ya pili kuna mtoto, na mtoto huyo anauawa kwa sababu ana ulemavu. Jean anaupenda mwili wenye nguvu tangu mstari wa kwanza, na mapenzi hayo yanapendeza sana anapomzungumzia mumewe. Yanapomfikia mtoto yanakuwa hukumu ya kifo. Neno la Kiingereza la elimu ya kuboresha uzazi wa binadamu, yaani imani kwamba wenye nguvu wazaane na dhaifu wapunguzwe, lilibuniwa na Francis Galton mwaka 1883, miaka kumi kabla ya tamthilia hii. Mawazo hayo yalikuwa katika hewa waliyoivuta watunzi na watazamaji wao. Anayetaka kuiigiza *Alan's Wife* leo, mbele ya hadhira iliyo na watu wenye ulemavu na wazazi wao, analazimika kuamua: je, Jean anamwonea mtoto huruma, au anamnyima mtoto haki ya kuwa tofauti na baba yake? Tamthilia yenyewe haituamulii. Na kazi inayoweza kutugawanya hivyo baada ya karne nzima na zaidi haiwezi kusemwa kwamba ilikufa mwezi Mei 1893. Kuipunguzia ugumu wake kwa nia njema ni kuiua mara ya pili.

Asiyekuwapo na lake halipo

Turudi kwa Shaw, maana swali moja limebaki. Ikiwa kazi zote mbili ziliigizwa mara mbili, na chama kimoja, na kuchapishwa katika mfululizo mmoja, kilichozitenganisha ni nini? Jibu letu ni jina. Mwaka 1898 Shaw alizikusanya tamthilia zake zilizokataliwa, akazichapisha kwa jina lake, akaziandikia dibaji ndefu za kuwaeleza Waingereza kwa nini wao ndio waliokosea. Alifanya kazi ya wakili wa nafsi yake kwa zaidi ya miaka hamsini. *Alan's Wife* haikuwa na wakili wa namna hiyo, kwa sababu hapakuwa na jina la kuitetea. Robins aliendelea kuficha jina lake, hata riwaya zake za kwanza akazitoa kwa jina la C. E. Raimond. Ni mwaka 1907, katika ukumbi wa Court Theatre, ndipo tamthilia yake *Votes for Women!* ilipoonyeshwa ikijulikana wazi kuwa ni yake.

Kwa nini walijificha mwaka 1893? Yeyote anayewajua wahakiki wa wakati ule anaweza kukisia. Mwigizaji aliyejitungia nafasi yake mwenyewe angeambiwa ana majivuno. Mke wa tajiri aliyeandika juu ya mama muuaji angeambiwa hana haya. Walichagua kazi isikizwe kabla ya wao kutazamwa, na kazi ikasikizwa kweli, alasiri mbili. Gharama yake ilikuja baadaye. Asiyekuwapo na lake halipo.

Hitimisho

Tumekwenda London kwa sababu mwenzetu ndiye aliyetupeleka. Sasa turudi katika chumba cha semina. Tarehe 16 Novemba 1977, leseni ya kuonyesha *Ngaahika Ndeenda* ya Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mĩriĩ ilifutwa, wiki chache tu baada ya tamthilia hiyo kuanza kuigizwa Kamĩrĩĩthũ. Hakuna mhadhiri wa nchi hii anayeweza kusema kwamba ilikuwa na maonyesho machache, kwa hiyo ni kazi duni. Tunajua mara moja kuuliza nani aliyeifunga milango. Basi kanuni tunayoitumia kwa kazi iliyozuiliwa na serikali, kwa nini tusiitumie kwa kazi iliyozuiliwa na ratiba ya ukumbi, na ukosefu wa fedha, na mhadhiri anayesema hakuna nafasi katika silabasi? *Nguzo Mama* (1982) ya Penina Muhando na *Mama Ee* (1987) ya Ari Katini Mwachofi tunazisoma na kuzitungia maswali ya mtihani. Ni mara ngapi tumewauliza wanafunzi wetu wasimame, wazitamke, wajue pumzi inakatika wapi na kimya kinaanzia wapi?

Tunapendekeza mambo mawili. Kwanza, kila mtafiti anayetaja idadi ya maonyesho ya tamthilia yoyote aeleze papo hapo ukumbi ulikuwa wa nani, ulipatikana kwa muda gani na kwa fedha ya nani. Tarakimu isiyo na maelezo hayo isikubaliwe katika tasnifu. Pili, ukosefu wa historia ya jukwaani usiwe tena sababu ya kukataa pendekezo la utafiti, kwani mara nyingi ukosefu huo ndio mada yenyewe inayopaswa kutafitiwa.

Mwanafunzi yule alibadilisha mada, akaandika juu ya mwandishi wa kiume anayejulikana, na akafaulu vizuri. Tamthilia aliyotaka kuitafiti bado imo rafuni. Aliyeiweka huko si mtazamaji. Ni sisi, tuliokuwa chumbani siku ile, akiwamo huyu aliyenyamaza, na ambaye kimya chake, tofauti na cha Jean, hakikuwa na ujasiri wowote ndani yake.